Barua pepe za karani: kubaliana kwanza, fungua baadaye

KANAZI – Mnunuzi wa kahawa anapoanza kupokea bei na oda kwa barua pepe, karani wake ndiye anayeshika siri ya biashara. Bei ikivuja kabla mzigo haujauzwa, faida ya msimu yaweza kupotea kwa siku moja. Hapo mwenye mali hushawishika kufungua barua za karani kwa siri. Njia hiyo yaweza kumtia hasara nyingine.

Mwajiri ana haki ya kulinda mali yake. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inahifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mhusika aelezwe madhumuni kabla taarifa zake hazijakusanywa.

Mfano unatoka Romania. Mwaka 2007 kampuni moja ilimwachisha kazi Bărbulescu baada ya kunasa mawasiliano yake kwenye kompyuta ya ofisi. Kampuni ilikuwa imepiga marufuku matumizi binafsi ya vifaa vyake. Hata hivyo, Septemba 5, 2017, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa haki yake haikulindwa. Mahakama za Romania hazikupima iwapo alijulishwa mapema kwamba angefuatiliwa, na kwa kiasi gani.

Ujerumani suala hili hupitia baraza la wafanyakazi. Kwa sheria ya mwaka 1972, kifungu cha 87, palipo na baraza mwajiri hafungi mtambo wa kufuatilia mwenendo wa wafanyakazi bila kukubaliana nalo.

Tanzania mabaraza si mageni. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliyaanzisha katika mashirika ya umma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kifungu cha 73, inaruhusu mwajiri na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa kuunda chombo cha ushirikishwaji kwa mkataba wa pamoja.

Duka lenye makarani wawili halihitaji baraza. Linahitaji karatasi moja iliyosainiwa, inayosema: anwani ya kampuni ni ya kazi tu, nani anaweza kuifungua, lini na kwa sababu gani, anwani binafsi haiguswi.

Karatasi hiyo ina thamani siku ya kesi. Mfanyakazi akilalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Ushahidi wa kuvizia humwacha akijieleza yeye badala ya karani.

Mwekezaji mdogo naye, kabla ya kuweka fedha katika kampuni, aulize kama utaratibu huo umeandikwa.