Dondoo muhimu: Kabla ya kumeza dawa ya kupunguza uzito

Iwe unanunua Eldoret mjini au mtandaoni, zingatia haya:

1. Nunua kwenye duka la dawa lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, si kwa mchuuzi.
2. Usijidunge Ozempic bila kuandikiwa na daktari; hiyo ni dawa ya kisukari.
3. Ukitumia dawa ya kupunguza uzito iitwayo orlistat, punguza vyakula vya mafuta, la sivyo utaharisha.
4. Epuka chai za "kukata tumbo" zisizotaja viambato. Baadhi zimekutwa na dawa ya sibutramini, iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa kudhuru moyo.
5. Mtajie daktari dawa zako zote, hasa za presha na kisukari.
6. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, usitumie dawa hizi.
7. Moyo ukienda mbio au ukitapika mfululizo, nenda hospitali mara moja na pakiti mkononi.