Usitume Picha ya Dadu Bado

Wadogo zangu, wiki hii nimekaa na barua ya binti mmoja wa Chuno, Mtwara mjini, anayechonga mpingo. Ametengeneza dadu isiyofanana na zile za ludo tulizozoea. Ni ndefu, ina pande sita bapa, na ncha zake mbili amezichonga mviringo ili isije ikasimama wima. Badala ya nukta, kila upande una picha: korosho, jahazi, pweza, kaa, mkeka na mwezi. Ametunga na mchezo wake, safari ya kutoka Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, unaochezwa juu ya kitambaa. Binamu yake anamkerezea miti, yeye anachonga picha kwa patasi ndogo na kupiga msasa. Sasa mfanyabiashara wa Dar es Salaam amevutiwa, anataka atumiwe picha na vipimo kwa WhatsApp. Binti anauliza: "Dada, nitume, au nikate hataza kwanza?"

Mdogo wangu, usitume. Na hataza nayo iweke pembeni kwanza, nikueleze kwa nini.

Hataza inalinda uvumbuzi, yaani jibu jipya la tatizo la kiufundi. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 ina orodha ya vitu visivyohesabiwa kuwa uvumbuzi, na humo zimo kanuni na mbinu za kucheza michezo. Safari yako ya Mikindani, hata ikiwa tamu namna gani, ni kanuni za mchezo. Ukilipa wakili akuandikie maombi ya hataza juu ya hilo, pesa ya korosho ya nyumbani itakwenda bure.

Usidhani ni Tanzania tu. Kuna kampuni ya Kiholanzi, Marco Guldenaar Holding, iliyobuni mchezo wa dadu tatu: moja ina alama upande mmoja tu, ya pili pande mbili, ya tatu pande tatu, nyuso nyingine zote tupu. Dadu za aina hiyo si za kawaida hata kidogo. Waliomba hataza Marekani, wakakataliwa, wakakata rufaa, na tarehe 28 Desemba 2018 mahakama ya rufaa ya huko ikawakatalia pia. Majaji walisema kilichoombewa ulinzi ni kanuni za mchezo, na alama zilizochapwa kwenye nyuso za dadu ni ujumbe tu, hazizigeuzi kanuni kuwa uvumbuzi. Kampuni yenye mawakili ilishindwa. Sitaki wewe uanze njia hiyo hiyo na akiba ya mama.

Halafu kuna suala la upya, na hapa nitakwambia ukweli hata kama utauma. Dadu ndefu ni ya kale sana. Wahindi wamecheza chaupar kwa dadu ndefu kwa karne nyingi. Dadu za pande 20 zilikuwapo Misri enzi za Wagiriki na Warumi, na mojawapo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwaka 2016 wataalamu wa hesabu wawili, Robert Fathauer na Henry Segerman, walitoa dadu ya pande 120. Kwa hiyo huwezi kusimama mbele ya ofisa ukasema urefu ule ni wako. Kilicho chako ni namna ulivyozimaliza zile ncha, picha zako sita, mpangilio wake, na mwonekano wa dadu nzima ukiishika mkononi. Hicho ndicho tukilinde.

Picha zina njia rahisi kuliko zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sanaa tangu inapotengenezwa, haisubiri cheti. Ila siku ya ugomvi utaulizwa: una ushahidi gani kwamba wewe ndiye uliyeanza? Ndiyo maana nataka uende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaorodheshe: michoro ya zile picha, kitambaa cha mchezo, na kijitabu cha maelekezo. Elewa lakini kwamba kijitabu kinalindwa maneno yake. Mtu akiusoma mchezo wako akauandika upya kwa maneno yake mwenyewe, hakimiliki haimkamati.

Umbo la bidhaa ni habari nyingine, na huku mambo hayajanyooka. Ile sheria ya 1987 ya Tanzania Bara ilitungwa kwa ajili ya hataza na vyeti vya ubunifu mdogo. Maumbo ya bidhaa haikuyawekea utaratibu. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2008 inayoyataja. Kwa upande wa kanda ipo Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, inayosimamiwa na ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika ambalo Tanzania ni mwanachama. Unaomba mara moja na kutaja nchi unazotaka. Kabla hujalipa hata shilingi, waandikie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, uwaulize: nikisajili umbo kupitia Harare, huku Bara nitalitetea vipi mtu akiiga? Omba jibu la maandishi. Ni haki yako kujua unanunua nini.

Mimi ningeanza na jina.

Mwaka 1983, kwenye maonyesho ya wanasesere na michezo jijini London, mwanamke aitwaye Leslie Scott alileta mchezo wa vipande vya mbao vinavyopangwa kuwa mnara, kisha wachezaji wanachomoa kimoja kimoja mpaka uanguke. Alikulia Afrika Mashariki, Kiswahili anakijua, akauita Jenga. Kuchomoa vipande vya mbao hakuna aliyeweza kukumiliki. Leo ukiingia maduka ya nje utakuta minara ya mbao ya kila kampuni, imefanana na ya kwake. Lakini neno Jenga juu ya boksi hawawezi kuliandika, kwa kuwa ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na kampuni kubwa ya Hasbro inauza mchezo huo kwa kibali cha wenye alama. Inaniuma kwamba neno la kwetu limetajirishia watu wa mbali, sisi tunaolitumia kila siku tukabaki watazamaji. Nataka safari hii mwenye alama awe binti wa Mtwara.

Basi tafuta jina zuri. Usiite "Dadu ya Mpingo", maana linaeleza bidhaa yenyewe na halitasajilika kirahisi. Jina la mahali, kama Mikindani likisimama peke yake, nalo litakupa shida, kwa sababu kila mtu wa pale ana haki ya kulitumia. Chagua neno ambalo mtu akilisikia halimwambii moja kwa moja kwamba ni dadu. Kisha ingia kwenye mfumo wa mtandao wa BRELA ukiwa na namba yako ya NIDA, tafuta kama jina limeshachukuliwa, uombe katika daraja la 28, ndimo iliyomo michezo na vitu vya kuchezea. Alama ikisajiliwa, inaishi miaka 7 ya kwanza, na baada ya hapo unaihuisha kila miaka 10. Hataza inaisha baada ya miaka 20 hata iwe nzuri vipi. Jina unaweza kuwaachia wajukuu. Ukikwama kwenye kompyuta, nenda ofisi ya SIDO hapo Mtwara uombe ushauri, kusaidia wazalishaji wadogo ndiyo kazi yao.

Wachongaji wa kwetu wanaijua hasara ya kutojilinda. Samaki Likankoa, Mmakonde, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya mtindo wa shetani huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtindo ule ukaigwa na wachongaji wasiohesabika, ukajaza maduka ya watalii, na wanunuzi wengi hawajapata kulisikia jina lake. Mtindo hauna mwenyewe kisheria, lakini jina lililochongwa chini ya kazi na kusajiliwa lina mwenyewe. Kwa hiyo, ukishasajili, kila dadu ipate alama yako kwenye ncha.

Nina ombi la kifundi pia. Mpingo ni mzito, unazama majini, na picha ya jahazi imekula mti mwingi kuliko ya mwezi. Upande uliochimbwa zaidi unakuwa mwepesi na unapenda kutazama juu. Irushe dadu mara mia kadhaa juu ya mkeka, uandike kila tokeo. Jahazi likizidi sana, punguza kina chake. Na mzigo ukitoka nje ya nchi, kumbuka mpingo umo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo ulizia masharti kwa watu wa maliasili kabla hujafunga boksi.

La mwisho ni binamu yako. Mashine ni yake, wazo ni lako, na mnapendana. Ndiyo sababu inayotosha kuandika sasa, kabla pesa haijaingia. Karatasi moja: nani mbunifu, nani analipwa kwa kila mti anaokereza, jina linasajiliwa kwa nani. Sainini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Mfanyabiashara wa Dar naye mwambie picha atazipata ombi la jina likishapokelewa BRELA na michoro ikishafika COSOTA. Vipimo hapewi kabisa. Akitaka mzigo, atume advansi, umchongee.