MLO MREFU WA WAITALIANO: TULE KWA FURAHA BILA KUUMIA



Kila mwaka masista, mafrateri, mapadre na walei wa kwetu husafiri kwenda Italia kusoma, kuhiji au kuwatembelea marafiki wa misheni. Baadhi yao hufika Piemonte, kaskazini mwa nchi hiyo. Mji mkuu wa huko ni Torino, ambako Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka 1901.

Wenyeji wa huko wakitaka kumheshimu mgeni, humpeleka katika trattoria, yaani mkahawa wa familia. Baba huhudumia mezani, mama au bibi yuko jikoni, na watoto hubeba sahani. Mara nyingi bei ni moja, wala mgeni hachagui chakula kimoja: vyakula huletwa kimoja baada ya kingine kwa muda wa saa mbili au tatu.

Mlo huo si sumu, na una mambo mazuri ya kuiga. Lakini mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu au mama mjamzito asiyejua utaratibu wake aweza kuinuka mezani akiwa mgonjwa. Basi tujifunze.

1. Utaratibu wa meza

Kwanza huja antipasto, yaani vitangulizi. Piemonte vitangulizi vyaweza kufika vinne au vitano, kila kimoja na sahani yake. Kuna vitello tonnato, vipande vyembamba vya nyama ya ndama iliyopikwa na kupozwa, chini ya mchuzi mzito wa samaki jodari. Kuna nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa na kutiwa mafuta ya zeituni na ndimu. Kuna pilipili hoho zinazoliwa na bagna cauda, mchuzi wa moto wa kitunguu saumu, mafuta na samaki wadogo wa chumvi. Tangu mwanzo mezani upo mkate, pamoja na grissini, vijiti vikavu vya mkate.

Pili huja primo, chakula cha wanga. Huenda ikawa tajarin, tambi nyembamba zilizokandwa kwa viini vingi vya mayai, au agnolotti, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama.

Tatu huja secondo, kwa mfano nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu katika divai ya Barolo, pamoja na mboga. Mwisho huja kitamu, kama bonet ya mayai, maziwa, kakao na biskuti, kisha kahawa katika kikombe kidogo.

Wageni wengi hudhani kwamba vitangulizi ndio mlo wenyewe. Hujaza tumbo kwa mkate, kumbe chakula kikubwa bado kiko jikoni.

2. Faida ya kula polepole

Ubongo hupata habari za shibe dakika 20 hivi baada ya mtu kuanza kula. Anayekula upesi humaliza sahani kabla ya habari hiyo kufika, ndiyo maana hupitiliza. Mapumziko kati ya sahani na sahani humsaidia mlaji kujisikiliza.

Tena, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba mgonjwa wa kisukari akianza na mboga na nyama, kisha akala wanga, sukari yake haipandi kwa kasi kama akianza na wanga. Kwa hiyo kula pilipili hoho na nyama kabla ya tambi ni jambo jema, mradi asianze kwa kujishibisha mkate. Hata hivyo tusidanganyike: sahani ndogo nane zikijumlishwa ni chakula kingi.

3. Mgonjwa wa kisukari

Hapa pana hatari kubwa zaidi. Wagonjwa wengi tunaowahudumia hujichoma insulini ya kazi fupi nusu saa kabla ya kula. Nyumbani jambo hilo halina shida, kwa sababu ugali au wali huletwa mara moja. Katika trattoria, saa nzima ya kwanza yaweza kupita kwa nyama na mboga tu. Dawa inafanya kazi, wanga haujafika, na sukari inashuka. Baadaye tambi na kitamu vinapokuja, nguvu ya dawa inapungua na sukari inapanda. Wanaotumia vidonge vya glibenklamidi nao waweza kushukiwa na sukari.

Divai huongeza hatari. Ini likishughulika na pombe hushindwa kutoa akiba yake ya sukari. Mtu aweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, hata usiku akiwa usingizini.

Fanya hivi:

(a) Kabla ya safari, muulize daktari wako saa na kipimo cha dawa kwa mlo mrefu. Usijibadilishie mwenyewe.

(b) Ukifika mezani, uliza tambi zitaletwa saa ngapi. Kama umekwisha kujichoma na zinachelewa, kula kipande cha mkate.

(c) Weka sukari mfukoni. Ukitokwa jasho jembamba, ukitetemeka, moyo ukienda mbio au ukianza kuchanganyikiwa, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Pima tena baada ya dakika 15. Kama bado iko chini, rudia. Aliyezimia asipewe kitu mdomoni. Walio naye wapige simu namba 112.

(d) Heri uache divai. Ukinywa, isizidi glasi moja ndogo, tena pamoja na chakula.

4. Wengine wa kujihadhari

Mwenye shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai. Samaki wa chumvi, nyama zilizokaushwa kwa chumvi na jibini hufikisha kiasi hicho upesi. Onja tu.

Mama mjamzito. Asile nyama mbichi, kwa sababu yaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Aepuke pia vyakula vyenye mayai mabichi, kama tiramisù, na asinywe pombe kabisa. Onyo hilo la nyama na mayai linamhusu pia kila mwenye kinga dhaifu ya mwili.

5. Kukataa kwa heshima

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kwetu mgeni anayeacha chakula huonekana amemdharau mwenye nyumba, na bibi wa trattoria naye hufurahi kuona sahani tupu. Basi mgonjwa huona haya. Hula kila kitu, au huahirisha dawa yake ili asionekane.

Ndugu, ugonjwa si aibu. Sema mapema, kabla ya sahani ya kwanza. Uzuri wa mkahawa wa familia ni kwamba mpishi ndiye mwenye nyumba: akijua shida yako, aweza kukupunguzia au kukubadilishia. Yashike maneno haya: "Ho il diabete", nina kisukari. "Sono incinta", nina mimba. "Mezza porzione", nusu sahani. "Basta così, grazie", inatosha, asante.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini insulini iliyochomwa kwa saa ya kawaida yaweza kuleta hatari katika mlo mrefu?
2. Utamsaidiaje mwenzako anayetetemeka na kutokwa jasho mezani? Je, akiwa amezimia?
3. Ni chakula gani katika mlo huu hakimfai mama mjamzito?

Wazee walisema: mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwenyeji aliyekualika anataka urudi kwako salama. Mwambie ukweli, kisha ukae naye ule kwa furaha.