Bunge la Marekani na Uuzaji wa Silaha

Fahamu, ndugu msomaji, ya kuwa Rais wa Marekani hauzi silaha kwa dola rafiki kwa kauli yake pekee. Sheria ya mwaka 1976 yamlazimu, biashara ikiwa kubwa, aliarifu Bunge kwanza, kisha angoje siku 30. Na kwa dola za NATO na chache nyingine, siku 15. Zamani Mabaraza mawili yakikataa, biashara huvunjika. Lakini mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi isiyohusu silaha, ilihukumu kuwa katazo la Bunge lisilopelekwa kwa Rais ni batili. Basi sasa katazo hupelekwa kwa yule yule atakaye kuuza! Akilirudisha, halisimami ila kwa thuluthi mbili za kila Baraza.

Mwaka 1986 makombora ya Saudia yaliponea kura moja katika Seneti. Na kabla ya hapo Rais Reagan alikwisha kuyatoa yale ya Stinger, kwa kuwachelea wajumbe. Kuogopwa kwao, basi, kuna nguvu kuliko katazo lao. Mwaka 2019 Rais Trump hakuogopa: alidai dharura, akapitisha biashara 22 za Saudia, Imarati na Jordan pasi na kungoja. Bunge likatoa makatazo matatu, akayarudisha yote, na Seneti haikupata thuluthi mbili. Vita vilikuwa Yemen, iliyo na Hadhramaut, asili ya jamaa wengi wa pwani yetu.