Aliyefungwa alipe: Ni mchezo au kamari?

Kijana mmoja wa hapa Kahama, niliyepata kumfundisha somo la Maarifa ya Uislamu, amenijia na swali. Ana mtaji kidogo na anataka kufungua duka la gemu. Atauza mashine za Kijapani zilizotumika pamoja na diski zake, na pembeni ataweka televisheni nne watu wacheze kwa kulipia. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe mwaka 2021, vijana wa mji huu wanaobuni biashara zao wenyewe wanastahiki kujibiwa vizuri. Yeye alitaka neno moja tu, halali au haramu. Neno moja halitoshi.

Wapo wanaosema gemu zote ni haramu kwa kuwa ni upuuzi. Kanuni ya mafakihi ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Mpira wa kwenye televisheni, kama ule wa kampuni ya Konami ambao vijana waliuita Winning Eleven, hauwi sawa na gemu lenye picha za uchi. Mwenye duka ndiye anayechagua cha kuweka kwenye rafu. Ndiye pia anayeamua kumpokea au kumrudisha mtoto mwenye sare ya shule saa nne asubuhi.

Tatizo kubwa liko kwenye malipo. Katika mabanda mengi ya gemu kuna utaratibu unaoitwa "anayefungwa analipa". Tuseme mchezo mmoja ni shilingi 1,000 kwa watu wawili. Kila mmoja alipaswa kutoa 500. Badala yake wanakubaliana kabla ya kushika pedi kwamba atakayefungwa atatoa 1,000 yote, na mshindi acheze bure.

Nimewahi kujibiwa na vijana: "Ustadhi, mbona mshindi hapewi hela mkononi?" Ni kweli, hapewi. Lakini alikuwa na deni la shilingi 500 kwa mwenye banda, na deni hilo limelipwa na mwenzake kwa sababu tu ya kufungwa. Kuondolewa deni ni kupata mali. Kila mmoja ameingia akiwa kati ya kupata na kupoteza mali ya mwenzake, na hiyo ndiyo sura ya kamari iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91. Udogo wa fedha haubadilishi hukumu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu aliyemwita tu mwenzake wakacheze kamari atoe sadaka, hata kabla mchezo haujaanza!

Tusidhani kamari ni zile mashine za kubahatisha peke yake. Kampuni ya Nintendo ilianza mwaka 1889 mjini Kyoto kwa kutengeneza karata, na karata za aina ile zilitumiwa sana na wacheza kamari wa Japani. Baadaye ikahamia kwenye gemu. Dau linaweza kuhama pamoja na wachezaji.

Mwenye banda atasema yeye hachezi. Lakini ndiye aliyeweka utaratibu na ndiye anayepokea fedha, na aya ya 2 ya sura hiyo hiyo inakataza kusaidiana katika dhambi. Dawa yake ni nyepesi: abandike bei ya kila mchezaji kwa nusu saa, na kila mmoja alipe chake kabla ya kuanza. Hapo inakuwa ijara, anakodisha mashine kwa muda unaojulikana na bei inayojulikana.

Upande wa kuuza, kuna aibu ya bidhaa. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Mashine nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la kule zikichomekwa ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, zinaungua. Tena PlayStation 2 ya Japani haikutengenezwa kusoma diski za Ulaya. Mteja kutoka Kakola hayajui haya. Wauza mchele wa Kahama wataikumbuka hadithi iliyopokewa na Muslim, ya Mtume (s.a.w.) kuingiza mkono ndani ya lundo la chakula sokoni, vidole vikagusa unyevu. Alimwuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mwenye duka la gemu naye aiwashe mashine mbele ya mteja, amweleze volti zake na aina ya diski inazokubali.

Zimebaki diski za kunakili. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, liliamua kuwa haki za watunzi na wabunifu ni mali inayolindwa na sharia, haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inazilinda. Nilimwambia kijana aagize diski halisi zilizotumika, hata kama rafu itaanza na kumi tu.