Dawa Itokayo kwa Kipimo: Somo la Jicho

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, huagizwa atie matone ya dawa kila siku, pengine maisha yake yote. Akiyaacha, shinikizo ndani ya jicho huendelea kuidhuru neva ipelekayo habari za kuona kwenye ubongo, na uoni uliokwisha kupotea haurudi.

Lakini hata asiyesahau hupoteza dawa nyingi. Tuchukue tone la mikrolita 40. Jicho haliwezi kushika zaidi ya mikrolita 30 hivi. Kinachozidi humwagika shavuni, na sehemu nyingine huteremka puani pamoja na machozi. Kwa kawaida, dawa inayofika ndani ya jicho haifikii asilimia 5.

Je, dawa haiwezi kutoka polepole, kwa kipimo kilekile kila saa? Mwaka 1974 Marekani iliidhinisha Ocusert, kipande chembamba cha plastiki kilichowekwa ndani ya kope ya chini. Kati ya tando zake mbili za polima palikuwa na akiba ya dawa iitwayo pilokapini. Adolf Fick alionyesha mwaka 1855 kuwa kasi ya usambaaji hutegemea tofauti ya ukolezi, yaani wingi wa dawa katika kiowevu, baina ya pande mbili. Maadamu akiba ilibaki imekolea kabisa, na machozi yaliiondoa dawa upande wa nje, tofauti hiyo haikubadilika; wala kasi haikubadilika.

Na tupige hesabu. Aina moja ilitoa mikrogramu 20 kwa saa kwa muda wa siku 7:

20 × 24 × 7 = mikrogramu 3,360, yaani miligramu 3.4 hivi.

Tone letu, likiwa na dawa ya asilimia 2, lina miligramu 0.8. Matone 4 kwa siku, kwa siku 7, ni miligramu 22.4: karibu mara saba ya kiasi kile.

Hata hivyo, Ocusert haiuzwi tena. Iliwakera baadhi ya wagonjwa, na iliweza kuanguka bila mwenyewe kujua. Yafaa ieleweke, basi, kuwa kanuni sahihi ya fizikia haitoshi. Kifaa sharti kikubaliane na jicho lenyewe.

Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha kijiti chenye mikrogramu 10 za bimatoprosti, ambacho daktari hukiingiza ndani ya jicho kwa sindano. Polima yake huvunjwavunjwa na maji ya mwili polepole, ikiachia dawa kwa miezi kadhaa. Mojawapo ya mazao yake ni asidi ya laktiki, ileile itengenezwayo na misuli yetu tukimbiapo.

Maswali
1. Aina nyingine ya Ocusert ilitoa mikrogramu 40 kwa saa. Ilitoa miligramu ngapi kwa siku 7?
2. Eleza kwa nini kasi hupungua akiba ikaribiapo kwisha.