Dondoo muhimu: Koki ndefu kwa sinki la juu ya kaunta

Sinki la juu ya kaunta, yaani bakuli la kunawia linaloketi juu ya meza ya bafu badala ya kuzamishwa ndani yake, huhitaji koki ndefu, kwa kuwa ukingo wake hupanda takriban sentimita 10 hadi 15. Bakuli na linunuliwe kwanza na kupimwa, kisha mdomo wa koki uachiwe sentimita 5 au zaidi juu ya ukingo, nafasi ambayo huruhusu mikono kupita na pia huzuia maji machafu kufyonzwa kurudi bombani presha inapokatika.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kwa nyumba inayotegemea simtanki lililoinuliwa au maji ya mserereko, yaani yanayoshuka kwa mwinuko wa ardhi bila pampu, presha ina uzito zaidi kuliko umbo, jambo ambalo wanunuzi hulisahau kwa kuvutiwa na mng'ao. Kila mita 1 ya kimo cha maji juu ya koki huleta karibu baa 0.1, baa ikiwa kipimo cha presha. Hivyo tangi lililo mita 3 juu hutoa baa 0.3 pekee, ilhali koki nyingi za mkono mmoja zimeundwa kwa baa 1 hivi, na hapo maji hutiririka kwa unyonge. Chujio la mdomoni liwe la kufunguka, kwani tope huliziba. Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kuoneshwa presha ya chini inayokubalika, iliyoandikwa na mtengenezaji.